Mawe ya urembo: walinibandikia tangi la maji ukutani

Nikiukumbuka ule ukuta damu inachemka. Nilitaka tu mbele ya nyumba papendeze, nikaita watu wa kubandika mawe ya urembo. Mawe mazuri, siwasingizii. Wapita njia walikuwa wanasimama kuuliza bei.

Masika ikaingia. Huku kwetu Mbezi mvua ikija na upepo wa baharini hainyeshi wima, inauchapa ukuta. Siku moja nasogeza kabati la chumbani, nakuta rangi imebambuka, chumvi imetoka nyeupe kama unga, na koti la harusi la mume wangu limeota fangasi mgongoni.

Nikampigia bosi wao. "Mama, hilo ni jasho la ukuta. Punguza kuanika nguo ndani." Jasho! Halafu: "Hebu mpe simu mwenye nyumba niongee naye." Nikamwambia ndiye unayeongea naye. Akakata.

Baadaye wakaja na debe la vanishi, wakayapaka mawe yote, na hela wakachukua. Ndiyo kwanza unyevu ukapanda hadi usawa wa kitanda. Kumbe nimeuziwa mbuzi kwenye gunia: maji hayakuwa yanapenya kwenye jiwe. Yalikuwa yanaingilia juu kabisa mawe yanapoishia, pameachwa wazi, hata kipande cha bati hakuna. Gundi nayo waliiweka madongemadonge kwenye pembe, katikati tupu, ukigonga na sarafu unasikia ko, ko. Vanishi ikaziba pa kutokea, maji yakabaki yananywewa na tofali.

Aliyenifumbua macho ni saidia fundi wao mwenyewe, alirudi Jumapili kimyakimya. Mvua ilikuwa imekatika siku kadhaa, lakini alipong'oa jiwe moja la chini kwa patasi, maji yalimmwagikia hadi kwenye kandambili. Plasta ya nyuma ilikuwa kama kashata iliyolowa, unaichota kwa kidole.

Akafunga bati la kofia huko juu, limetokeza nje kidogo ili maji yadondokee mbali na ukuta. Kandokando ya dirisha akajaza silikoni. Mstari wa chini akakwangua grauti, ile saruji ya kuziba kati ya jiwe na jiwe, akaacha vitundu. Nikauliza, hivyo si vitaingiza maji? Akacheka. "Hapana mama, hivyo ni vya kuyatolea. Maji yatapata tu njia ya kuingia, wewe yape ya kutoka."

Nilikaa kuandika hapa ili niwaambie msiwasogelee kabisa. Ila kwa haki, mawe nunueni kwao, mjini sijaona mazuri kama yale. Kubandika tafuteni fundi mwingine. Au hapana. Hata mawe acheni, yule bosi asile hata shilingi mia ya mtu.

Juzi imenyesha usiku kucha. Saa tisa nikaamka kupapasa nyuma ya kabati. Pakavu. Asubuhi bosi akapiga, anadai hela yake iliyobaki. Safari hii akaanza na shikamoo. Sikuitikia.