Saa tatu na nusu za taarabu, na shangazi anayetaka wimbo mmoja

Shangazi yangu yuko Maskati tangu kabla sijazaliwa, na kila kikundi chetu kikirusha onyesho mubashara, wa kwanza kuandika kwenye gumzo ni yeye. Kazi huanza asubuhi yake. Simu inalia, ujumbe wa sauti: "Baba, ule wimbo alioimba yule kijana wa kanzu ya rangi ya maziwa uko wapi? Nimevuta weee, mpaka kidole kimeniuma."

Hana kosa. Onyesho lina saa tatu na nusu. Kwenye simu ule mstari wa chini wa kusogezea video ni mfupi kuliko kibiriti; ukiugusa vibaya umeruka dakika nane, ukirudi umerudi kumi, na bando linaliwa huku hujasikia hata ubeti mmoja.

Mimi ndiye ninayekaa na kompyuta kwenye kikundi chetu hapa Unguja. Sikusomea, nilipewa tu kwa sababu ndiye kijana aliyekuwa karibu. Nimetafuta sana njia ya kuzifanya hizi rekodi zitafutike, nikaishia kwenye vitu viwili vya bure: OBS Studio, programu ya kurushia na kurekodia, na sura za YouTube, yaani orodha ya muda na majina ambayo mtu akigusa jina, video inaruka moja kwa moja hapo.

Nianze na kilichonila pesa kwanza. Nilijiunga na huduma moja ya kulipia kwa dola kila mwezi, inayojisifu kwamba inakata video ndefu vipande yenyewe na kuvipa majina. Nikaipa usiku mzima wa taarabu. Bashraf, ambayo ni ala tupu na ndiyo mlango wa usiku wote, ikaiita "Utangulizi". Wimbo mmoja wa dakika kumi na sita ikaukata mara tano: kila fidla zinapomwitikia mwimbaji baada ya ubeti, au mama mmoja akipiga vigelegele akienda kutuza, yenyewe inaona wimbo umekwisha. Vipande vilivyobaki vyote viliitwa "Muziki". Mahali pekee ilipopata sawa ni pale mshereheshaji anapoongea. Kwa hotuba huenda inafaa. Kwa taarabu, nililipa mwezi mmoja nikaacha.

OBS nilikuwa nayo zamani, ila nilikuwa nikirekodi kwa faili la aina ya MKV kwa kuogopa umeme, maana lile la MP4 ya kawaida umeme ukikatika katikati halifunguki tena. Toleo la 30.2, lililotoka 2024, lilileta MP4 ya mseto (Hybrid MP4), ambayo inastahimili kukatika na pia inakubali alama za sura wakati onyesho likiendelea. Unakwenda kwenye mipangilio, unachagua kitufe cha kibodi, na kila wimbo ukianza unakibonyeza. Mimi nimechagua F9, nikaibandika kijikaratasi chekundu ili hata nikiamka kwenda kuangalia waya wa kipaza sauti, aliye karibu ajue abonyeze nini.

Alama hizo hazina majina, na ziko kwenye faili la kompyuta yangu. Kwenye YouTube naziandika upya kwa mkono, kwenye maelezo ya video. Hapo ndipo nilipojikwaa. Rekodi yangu niliianzisha dakika mbili na ushei baada ya kuanza kurusha, kwa hiyo kila alama ikawa imepishana na video ya mtandaoni kwa kiasi hicho hicho. Mtu akigusa jina la wimbo anaangukia kabla haujaanza, katikati ya makofi ya uliotangulia. Dawa iko mule mule OBS: kuna kisanduku cha kuamuru rekodi ianze yenyewe pale unapoanza kurusha. Kitie tiki. Na kama unarusha kwanza halafu unakwenda kubonyeza cha kuingia hewani kule YouTube, pima tofauti hiyo mara moja uiondoe kwenye alama zote.

Lakini chombo bora nilichonacho si programu. Kuna bi mkubwa kwenye kikundi, aliimba zamani, sasa magoti hayamruhusu kusimama jukwaani. Anakaa pembeni yangu na daftari la mistari. Anaandika wimbo, mtunzi, mwimbaji, na saa ya ukutani, kwa saa zetu za kawaida: "3:22, fulani kaanza." Kompyuta yangu inaonyesha 21:22, na mara ya kwanza nilijitia kubadilisha zote ziwe za kompyuta kisha nitoe, nikachanganyikiwa. Aliponiona nahesabu vidole akacheka. "Mwanangu, si mlianza saa mbili na dakika arubaini na saba? Toa hiyo basi." Tukatoa: 3:22 kutoa 2:47, dakika thelathini na tano kamili. Wimbo uko 35:00. Wa usiku sana, 5:31, uko 2:44:00. Nusu saa tu tulikuwa tumemaliza usiku mzima, kilichobaki ni kusogeza sekunde.

Ukiandika kwenye maelezo, shika haya: alama ya kwanza lazima iwe 0:00, ziwe tatu au zaidi, zifuatane kwa mpangilio wa muda, na kila sura isipungue sekunde kumi. Mimi nilianza na 0:45 kwa sababu ndipo kinanda kiliposikika. Sura hazikutokea, nikashinda siku mbili nikilaumu mtandao. Siku hizi mstari wa kwanza huwa "0:00 Wanamuziki wanalinganisha ala", na kumbe kuna watu wanaopenda kusikiliza hata hiyo.

Tulibishana sana alama iwekwe wapi. Kijana wetu wa ngoma ya dumbak alitaka pale sauti ya mwimbaji inapoanza, ati watu hawana subira. Bi mkubwa alikataa katakata: utangulizi wa ala ni nusu ya wimbo, na anayeuruka hakuja kusikiliza taarabu. Nimekubaliana naye, tena naweka sekunde chache nyuma zaidi, pale mshereheshaji anapomtaja mtunzi. Kitufe cha F9 siku zote hubonyezwa kwa kuchelewa, maana mpaka ujue wimbo gani umeshaanza.

Jambo jingine la kujifunza kwangu: kata kwanza, alama baadaye. Siku moja niliandika sura zote vizuri, kisha nikaona dakika tisa za mwanzo ni watu wanaburura viti tu, nikazikata. Kila alama ikasogea dakika tisa. Nikaanza upya saa saba za usiku.

Njia hii ningeipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya hiyo kazi ya kuhamisha kwa mkono. Ila faida naiona. Kwenye YouTube, onyesho lenye urefu usiofika saa kumi na mbili linahifadhiwa lenyewe, na sura zinakaa nalo. Facebook, kwa kulinganisha, tangu Februari 2025 video za mubashara hukaa siku 30 tu kisha hufutwa, kwa hiyo kule tunarusha kwa ajili ya majirani, kumbukumbu tunaiweka kwingine. Na mtu akitaka kumtumia mwenzake wimbo mmoja kwenye WhatsApp, anaongeza muda mwishoni mwa linki: ?t=2100 (au &t=2100 kama linki tayari ina alama ya ?) ni sekunde elfu mbili na mia moja, yaani zile dakika thelathini na tano.

Huwa nafikiria Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua kama dakika tatu, na wimbo ulipaswa ujibane humo. Yeye hakuwa na nafasi. Sisi tumepewa nafasi mpaka tunapotea ndani yake.

Shangazi sasa nimemfundisha kugonga mara mbili kwa vidole viwili ili aruke sura nzima. Ilichukua wiki, kwanza alidhani namwambia atumie mikono miwili. Ijumaa akatuma ujumbe: "Baba, nyimbo zote nimeziona, Mungu akuzidishie. Lakini pale mama yako alipoinuka kutuza hukupaandika." Nikaongeza mstari: "2:14:40 Mama anatuza."

Mama kaipata habari. Amesema niufute, kanga yake siku ile haikuwa imekaa sawa. Shangazi naye kasema nisithubutu. Mpaka naandika hapa, mstari upo.