Gunia au tuta kwa mboga za nyumbani?

Dar es Salaam masika ni Machi hadi Mei, lakini kuna mwaka mvua inachelewa, na mwaka mwingine inashuka yote kwa mkupuo.

Uzuri wa tuta ni kwamba unalibadilisha umbo. Masika unaliinua sentimita 20 hivi, maji yapite kando. Kiangazi unalichimba liwe chini ya usawa wa ardhi, unatandaza nyasi kavu, na kila ndoo ya maji inabaki pale pale. Mchicha unachuma baada ya wiki 3 au 4. Ila kuku wa jirani nao njia wanaijua.

Gunia ni la uwanja mdogo. Katikati unaweka kokoto ndani ya kopo lisilo na kitako, unalivuta juu kadiri udongo na samadi vinavyopanda, ili maji yafike hadi chini. Miche ya sukuma wiki unaipachika kwenye matundu ya ubavuni. Mafuriko hayaligusi sana, ila jua linaichakaza sandarusi, na likishajaa halihamishiki.

Mwenye nafasi achague tuta. Gunia moja liwe karibu na jiko, linywe maji yaliyooshea mboga.