Pampu ya Oili ya Injini ya Nguvu Iliyofanyiwa Oveholi: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Kabla hujauliza bei, muulize fundi aliyefunga krenki (mhimili mkuu wa injini) ameacha nafasi kiasi gani kwenye beringi. Pampu kazi yake ni kusukuma oili tu; presha unayoisoma kwenye geji inatokana na oili kubanwa inapopita. Nafasi ikiwa pana, oili inavuja haraka pembeni mwa beringi na presha inashuka. Kipimo cha mafundi wengi ni presha ya psi 10 kwa kila mizunguko 1000 kwa dakika. Injini yako ikifika 7000 na geji ikasoma psi 70, hujapungukiwa na kitu.

Chaguo langu la kwanza ni pampu mpya ya kiwandani iliyowekwa gia zilizochongwa kwenye kipande kizima cha chuma. Gia nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa unga wa chuma ulioshindiliwa na kuchomwa. Kwa matumizi ya kawaida hazina neno, lakini pampu inayozungushwa moja kwa moja na krenki hupokea kila mtikisiko wa krenki. Waliofungua injini za RB26DETT za Nissan wanalijua hili vizuri: gari likigonga kikomo cha mizunguko mara kwa mara, gia ya ndani hupasuka, na kinachofuata ni beringi kuungua. Tena kwenye RB26 za mwanzo, za gari la Skyline R32, sehemu ya krenki inayoshika gia ni fupi, kwa hiyo irefushwe kwa kola (pete ya chuma) kabla ya kufunga pampu yoyote ya maana. Hata gia ngumu inahitaji puli ya krenki yenye raba nzima. Raba ikichoka, mtikisiko wote unaishia kwenye pampu.

Ya pili ni pampu mpya ya kiwandani bila kubadilisha chochote. Kama kikomo cha mizunguko ni kile kile na beringi zimefungwa kwa vipimo vya kiwanda, inatosha kabisa.

Ya tatu ni pampu ya ujazo mkubwa, ile ambayo wauzaji huitaja kwanza. Inafaa pale nafasi za beringi zimepanuliwa makusudi. Pasipo sababu hiyo inakula nguvu, inapasha oili moto, na kwenye baadhi ya injini inajaza silinda hedi huku sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikikauka katikati ya kona. Springi kali ya valvu ya kupunguza presha, peke yake, haiongezi kitu injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Inapandisha tu kiwango cha presha ambacho valvu hiyo hufunguka.

Mfumo wa sampu kavu, wenye tangi la nje na pampu ya hatua kadhaa, unashinda zote kwa ubora. Nimeuweka wa nne kwa sababu ya gharama na mabomba yake. Ni wa gari linaloishi kwenye mashindano.

Pampu iliyotumika usinunue, hata iking'aa. Vipande vya beringi vya injini ya zamani hukwaruza gia na nyumba yake kwa ndani.

Ikishafika mkononi, ifungue nyuma. Skrubu za bamba la nyuma kwenye pampu za injini za Subaru EJ hulegea, kwa hiyo zitoe, zipake gundi ya nyuzi, uzikaze upya. Jaza oili kati ya gia, kisha zungusha injini kwa stata bila plagi mpaka geji ipande.