Sala ya Jioni King's College, Cambridge: ukae wapi, na santuri zipi za kutafuta

Ukienda kusikiliza kwaya ya King's College, shughulika kwanza na kiti. Kanisa lile lina urefu wa mita 88, upana wa mita 12 tu, na dari la mawe liko mita 24 juu. Katikati limekatwa na ukuta wa mbao, na juu ya ukuta huo kimekaa kinanda cha mabomba. Kwaya huimba upande wa mashariki wa ukuta, nusu huku na nusu kule, wakitazamana. Ukikaa upande wa magharibi utapata mwangwi mtamu sana, lakini maneno yatakufikia yamevurugika kama mazungumzo ya chumba cha pili. Ukikaa nyuma kabisa ya waimbaji wa upande mmoja, hao watakujaa masikioni na wenzao watasikika kwa mbali. Pazuri kuliko pote ni pale viti vya kwaya vinapoishia kuelekea madhabahuni: pande zote mbili zinakutana hapo, na kinanda kinakufikia kikiwa kimeshalainishwa na mawe.

Ibada ni bure, ingawa mtalii wa mchana hulipa kiingilio. Panga foleni dakika 45 kabla, maana wanaotangulia mara nyingi ndio wanaopata nafasi upande wa kwaya. Siku za wiki ibada huanza saa 11:30 jioni, Jumapili saa 9:30 alasiri. Jumatatu kwaya kuu hupumzika. Chuo kikiwa likizo, kwaya nayo kwa kawaida iko likizo, kwa hiyo mtu anayepanga safari ya Agosti au mwisho wa Desemba asome ratiba ya kanisa kabla ya kukata tiketi. Treni za haraka kutoka London King's Cross huchukua kama dakika 50, na kutoka stesheni ni mwendo wa miguu wa nusu saa hivi. Chukua sweta hata kama nje kuna jua. Simu zima kabisa. Kupiga picha hakuruhusiwi ndani ya ibada, na hakuna kupiga makofi.

Aliyelelewa katika Anglikana ya Zanzibar, Tanga au Masasi hatapotea. Ni Sala ya Jioni ileile: zaburi, somo, Wimbo wa Mariamu, somo, Wimbo wa Simeoni, imani, sala, halafu wimbo wa kwaya. Ukoo wa ibada hizi mbili unaonekana kwa macho. Jengo la Senate House, ambamo David Livingstone alihutubia tarehe 4 Desemba 1857, limepakana na kanisa hili. Hotuba zake za wakati ule ndizo zilizozaa UMCA, misheni ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyohamia Unguja 1864 na kujenga kanisa kuu la Mkunazini.

Kwaya ina wavulana 16 na wanaume 14. Kwa hiyo sauti ya kwanza ni watoto watupu, na sauti ya pili, ambayo kwetu ni ya akina mama, hapa huimbwa na wanaume kwa sauti ya juu. Sikio lililozoea kwaya zetu, zenye sauti ya nne nzito inayotikisa benchi, litaona besi ya hapa ni nyepesi. Ni kweli ni nyepesi, na ina sababu. Katika jengo ambalo noti huendelea kuelea sekunde kadhaa baada ya mwimbaji kufunga mdomo, besi nzito ingefunika kila kitu. Ndiyo maana pia watoto wanaimba sauti iliyonyooka, bila kuitikisa. Sikiliza "s" ya mwisho wa mstari: watu 30 wanaitamka kwa pamoja, kama mtu mmoja. Wangepishana kidogo tu, dari lingewarudishia mlio kama wa mafuta kwenye kikaango.

Wengi huja kwa ajili ya wimbo wa kwaya, lakini uzuri mkubwa zaidi uko kwenye zaburi. Hakuna mapigo ya kuhesabu. Maneno yanakwenda kwa mwendo wa kusema, na upande mmoja unapokea mstari kabla mwangwi wa upande wa pili haujafa. Kitabu cha sala cha 1662 kimegawa zaburi 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni. Jioni ya tarehe 15 ni zamu ya Zaburi ya 78, ndefu kwelikweli, na kwaya nyingi huipunguza.

Ibada ikiisha usinyanyuke. Mpiga kinanda hubaki akipiga, na ndiyo nafasi ya kukisikia chombo peke yake. Ni kazi ya Harrison & Harrison ya 1934, ikafanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2016. Kuna bomba la futi 32 ambalo noti yake ya chini kabisa ni mitikisiko kama 16 kwa sekunde. Sikio haliidaki vizuri, kifua ndicho kinachoitambua. Hiyo hutaipata kwenye simu wala kwenye spika ndogo ya bluetooth, hata ukilipia huduma ya bei gani.

Upande wa rekodi za zamani, tafuta zile za Argo, kampuni ya santuri, za miaka ambayo David Willcocks alikuwa mwalimu wa kwaya (1957 hadi 1974). Ya kuanza nayo ni Miserere, yaani Zaburi ya 51, ya mtunzi Allegri, iliyorekodiwa 1963. Imeimbwa kwa Kiingereza, na mtoto anayepanda hadi noti ya C ya juu ni Roy Goodman. Anaipanda mara tano, kila mara bila kuirukia: unaisikia ikifunguka tu, kisha inabaki darini wakati wenzake wameshashuka. Misa ya Nelson ya Haydn, ya 1962, ina okestra na nguvu nyingi, lakini sauti zinasongamana. Isiwe ya kwanza kununua.

Ukinunua santuri yenyewe, ikague kwenye mwanga, hasa karibu na lebo ya katikati. Kwenye mzunguko wa nje sindano hupita kiasi cha sentimita 50 kwa sekunde, lakini ikifika ndani inabaki kama 20, kwa hiyo mawimbi yaleyale yamebanwa kwenye nafasi ndogo. Sauti za watoto ndizo zinazoumia kwanza: zinakwaruza, na "s" zinageuka mchanga. Sindano iliyochakaa huharibu zaidi, na uharibifu huo haufutiki. Weka uzito wa gramu 1.5 hadi 2, au kama mtengenezaji wa sindano alivyoelekeza; uzito mdogo mno huifanya irukeruke na kukata mfereji. Osha kwa maji yaliyokenekwa (yale ya kuongezea betri, si asidi) na tone la sabuni, suuza tena kwa maji hayohayo, ukiilinda lebo. Maji ya bomba huacha chumvi inayosikika kama kuni zinazopasuka.

Asiye na mashine ya santuri achukue CD za Decca, ambao waliinunua Argo mwaka 1957. Kwa faili za mtandaoni, usishuke chini ya ubora wa kbps 256. Faili iliyobanwa sana huanza kukata mkia wa mwangwi, na King's bila mkia ule ni nusu ya kwaya.

Ibada ya mkesha wa Krismasi hurushwa na BBC tarehe 24 Desemba saa 9 alasiri ya Uingereza, yaani saa 12 jioni Dar es Salaam na Nairobi. Washa redio dakika chache mapema: ubeti wa kwanza wa wimbo wa kufungulia ibada ni mtoto mmoja, peke yake, bila kinanda.