Kipimo cha mate cha hatari ya skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili: kichupa kizuri, namba isiyomfaa Msukuma

Ukiagiza mtandaoni kipimo hiki cha vinasaba ukiwa Kirumba au Nansio, utapokea kichupa chenye mdomo mpana na kifuniko kilichofungiwa dawa ya kuhifadhi. Usile, usinywe wala kuvuta chochote kwa nusu saa, kisha tema mate hadi mstari wa mililita 2. Povu halihesabiwi. Wengi hukosea hapo: kichupa kinaonekana kimejaa, kumbe nusu ni povu na vinasaba havitoshi. Kaza kifuniko mpaka dawa imwagike, halafu tikisa. Dawa hiyo huzuia bakteria wasiharibu vinasaba, ndiyo maana sampuli hustahimili joto la Mwanza bila friji. Hadi hapo hatuna lawama.

Tatizo ni majibu. Ripoti hukuweka kwenye ngazi, tuseme ya 90 kati ya 100, na msomaji hushtuka akidhani ana nafasi 90 kati ya 100 za kuugua. Sivyo: maana yake ni kwamba jumla ya alama zake za vinasaba zinazohusishwa na ugonjwa huu inazidi ya watu 90 kati ya 100. Skizofrenia huwapata karibu mtu 1 kati ya 100 maishani, na hata huko Ulaya wengi wa walio ngazi za juu hawaugui kamwe.

Tena ngazi yenyewe ilipimwa kwa watu wengine. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 wa Psychiatric Genomics Consortium, ushirika wa kimataifa wa watafiti wa vinasaba vya magonjwa ya akili, ulilinganisha wagonjwa 76,755 na watu 243,649 wasiougua, ukabaini maeneo 287 ya jenomu (vinasaba vyote vya mtu) yanayohusiana na ugonjwa huu. Wengi wao walikuwa na asili ya Ulaya, wakifuatiwa na Asia Mashariki. Kipimo hakisomi badiliko la kinasaba linalosababisha hatari lenyewe, yaani kisababishi. Husoma alama iliyo jirani nacho. Kwa Waafrika, ambao jenomu yao imekatwa na kuunganishwa upya kwa vizazi vingi zaidi, vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi, hivyo alama na kisababishi hutengana. Isitoshe, alama nyingi zina wingi tofauti huku kwetu, kwa hiyo Msukuma au Mkerewe anaweza kupewa hatari kubwa au ndogo kwa sababu ya asili yake tu. Kumuuzia namba hiyo bila kumweleza ni kumdhulumu.

Kazi ya kurekebisha pengo hili ipo. Mwaka 2020 utafiti wa Waxhosa wa Afrika Kusini ulionyesha kuwa wagonjwa wa skizofrenia wana mabadiliko mengi zaidi ya vinasaba yaliyo adimu na yenye madhara, hasa katika jeni za sinapsi, yaani viungio vya seli za ubongo. Mradi wa NeuroGAP, unaochunguza vinasaba vya magonjwa haya Afrika, nao umekusanya sampuli Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini.

Hela yako iende kwingine. Mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo, kaakaa lililopasuka na kalsiamu ndogo, daktari amfikirie kipimo cha upungufu wa 22q11.2, yaani kukosekana kwa kipande cha kromosomu ya 22; karibu robo ya wenye upungufu huo hupata skizofrenia, na jumla ya alama ndogondogo inayotumiwa na kipimo cha mate haiuhesabu kabisa. Kijana mwenye mzazi au ndugu mgonjwa, aachane na bangi. Akianza kusikia sauti au kujitenga, apelekwe kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya Bugando, Mwanza, wiki hiyohiyo, ngazi ya ripoti iwe 5 au 95.