Mlingotini: mkulima wa mwani apewe vifaa au fedha?

Mfadhili akifika Mlingotini, Bagamoyo, huwa na njia mbili: anunue kamba za kufungia mwani na vigingi vya kuzishika agawe, au ampe kila mkulima fedha taslimu.

Vifaa huenda moja kwa moja shambani, lakini aghalabu hukosea wakati. Kamba zikifika katikati ya kaskazi, msimu wa joto, maji ya kina kifupi yamepata joto. Mwani aina ya kotoni huwa mweupe kwenye matawi, hulainika na kukatika. Aina nyingine, spinosamu, huvumilia zaidi, ila bei yake ni ndogo. Kosa jingine ni kamba nyembamba: ikilegea, mwani hugusa mchanga na kuliwa na samaki. Kisha vigingi vikitoka kwenye mikoko, msaada unabomoa mazalia ya samaki wa kijiji hichohicho.

Fedha humwachia mkulima achague bamvua la kupanda, maana ndipo maji hukupwa mbali akafika shambani kwa miguu. Atanunua pia turubai au atajenga chanja. Mwani ulioanikwa mchangani hushusha bei. Hatari ni Januari: sare na madaftari ya watoto humeza fungu lote kabla mbegu, yaani vipande vya mwani, haijafungwa kwenye kamba. Afadhali mafungu mawili, la pili baada ya wiki sita, mavuno ya kwanza yakikaribia.

Kwa kilimo cha kamba zinazoelea kwenye kina kirefu, hapo vifaa vinashinda. Boti, nanga na maboya hayanunuliki kwa fungu la mtu mmoja. Kikundi kikubaliane mapema nani atalipia matengenezo ya boti.