LAHAT kwenye mzinga wa milimita 105: kombora ni zuri, kazi iko kwenye kurunzi

Simama ukingoni mwa kreta ya Menengai, karibu na Nakuru, pale wageni wanapopigia picha, utazame ng'ambo. Upande wake mwembamba shimo lile lina kilomita 8 hivi. Kombora la LAHAT, linaloongozwa kwa leza, likifyatuliwa kutoka kwenye kifaru hufika umbali huohuo, ukingo hadi ukingo. Risasi ya kawaida ya kifaru haiwezi kutegemewa huko, maana hulengwa kwa macho na haina namna ya kujirekebisha ikiwa angani.

Watengenezaji ni Israel Aerospace Industries. Uzito wake ni kilo 13, urefu haufiki mita moja, na kuna la mizinga ya milimita 105 na la 120. Kwa msomaji wa kambi za jeshi za Gilgil au Lanet, la 105 ndilo la maana: vifaru vya Vickers Mk 3 ambavyo Kenya ilinunua Uingereza vina mzinga wa L7 wa kipimo hicho. Mpakiaji hulisukuma ndani kama risasi nyingine, na mzinga haubadilishwi.

Namna linavyofanya kazi ni hivi. Mtu anaimulika shabaha kwa kurunzi ya leza ambayo macho hayaioni, na mipigo ya leza hiyo ina msimbo wake. Jicho lililo puani mwa kombora hutafuta mwanga unaorudi ukiwa na msimbo uleule. Kombora hupaa, kisha huangukia juu ya kifaru cha adui, mahali deraya ilipo nyembamba. Baruti yake ni ya hatua mbili: ya kwanza inafungua njia, ya pili inatoboa.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba anayemulika si lazima awe anayefyatua. Kifaru kinaweza kukaa nyuma ya kilima bila kuonekana kabisa, mtazamaji akawa mbele na kurunzi yake. Refleks la Urusi, la mzinga wa milimita 125, haliwezi hilo. Lenyewe hupanda mwale unaotoka kwenye kifaru kilichofyatua, kwa hiyo kifaru hicho lazima kiendelee kuiona shabaha mpaka mwisho, na masafa yake ni kama kilomita 5.

Sasa tuje kwenye kasoro, ambazo karibu zote zinatokana na mwanga. Chukua kurunzi ambayo mwale wake hutanuka sentimita 30 kila kilomita. Ukimulika kutoka kilomita 8, doa lina upana wa mita 2.4, na kifaru chenyewe ukikitazama kwa mbele hakizidi sana mita 3. Mkono ukitikisika kidogo, nusu ya doa iko ardhini nyuma ya shabaha, na kombora litaifuata ardhi hiyo. Mtazamaji akisogea hadi kilomita 2, doa ni sentimita 60 tu. Ndiyo maana hatushauri mtu yeyote anunue kombora hili kwa ajili ya kumulika kutoka kwenye kifaru kilekile kilichofyatua. Huko ni kulipia kilomita 8 na kutumia 3.

Vumbi ni adui wa pili. Yeyote aliyepita Kariandusi siku ya upepo anaujua ule unga mweupe unaoning'inia hewani. Leza ikigonga vumbi la namna hiyo hurudi kabla ya kufika kwenye shabaha, na jicho la kombora hudanganyika. Moshi wa mashamba ya miwa yanapochomwa upande wa Muhoroni na Chemelil hufanya vivyo hivyo, na ukungu wa asubuhi ni mbaya zaidi. Mtazamaji asogee mahali ambapo upepo unapeleka vumbi mbali na mstari wake wa kuona. Akikosa mahali pa namna hiyo, asubiri.

Halafu kuna muda. Kilomita 4 huchukua sekunde 14 hivi, na kilomita 8 zinakaribia nusu dakika. Shabaha yenye kihisio cha leza inaweza kutoa moshi na kuondoka ndani ya muda huo, kwa hiyo mwanga unaowashwa mapema mno ni zawadi kwa adui.

Shabaha ya karibu nayo ni tatizo. India ililijaribu kwenye vifaru vyake vya Arjun, haikuridhika na utendaji wake kwenye masafa mafupi, ikaenda kutengeneza kombora lake lenyewe. Chini ya kilomita moja na nusu, tumia risasi ya kawaida.

Kiwanda cha Eldoret hutengeneza risasi za bunduki, hivyo kila kombora litakuja kwa meli. Kwa bajeti ndogo tungependelea makombora machache na kurunzi nyingi, pamoja na watazamaji wanaofanya mazoezi kila wiki. Na zoezi la kwanza liwe la redio: mtazamaji asome msimbo tarakimu moja moja, wa kifaruni aurudie wote kabla ya kupakia. Tarakimu moja ikikosewa, kombora litapita juu ya shabaha inayong'aa kwa leza bila kuiona.